Toa chumvi kwanza, mafuta baadaye

Nimeona bunduki ikipakwa mafuta ya nazi. Nimeona ikipakwa oili chafu iliyotoka kwenye injini ya Fuso, vaselini ya mtoto, mafuta ya taa, mafuta ya alizeti, na safari moja, kwa macho yangu haya, mafuta ya breki. Kila mwenye chupa ana hoja, na nyuma ya hoja yupo babu au mjomba aliyefanya hivyo hivyo na bunduki ikadumu. Sibishani na mababu wa watu. Ila hapa Pangani, na nadhani pwani nzima kutoka Mtwara hadi Lamu, naona tunachagua mafuta tukiwa na swali lisilotuhusu sana. Tunauliza yapi yanateleza vizuri. Shotigani ya mkulima haina njaa ya kuteleza. Hupigwa risasi chache kwa msimu, kisha husimama kabatini miezi. Kinachoimaliza ni chumvi na unyevu, na ikinusurika hapo, kinachoimaliza ni mafuta yenyewe yakizidi.

Kabla sijaendelea: naongea na wenye silaha zenye kibali. Sheria ya Tanzania ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ipo, polisi wapo, na hapa si mahali pa kuulizia njia za panya. Na kabla hujagusa chupa yoyote, fungua bunduki, toa risasi, tazama chemba zote mbili, yaani matundu ya nyuma ya mitutu risasi zinamokaa, kisha ingiza kidole uhakikishe. Risasi zenyewe zipeleke chumba kingine. Ziko sababu mbili za kufanya hivyo. Ya usalama kila mtu anaijua; ya pili inahusu mafuta, na nitaifikia.

Shotigani yangu ni Baikal, kazi ya Izhevsk huko Urusi, mitutu miwili iliyopandana, kaliba 12, yaani tundu la milimita 18.5 hivi. Si bunduki ya kumwonyesha mgeni. Mbao zake nzito, triga yake ngumu. Lakini ndani ya mitutu Warusi wameweka kromiamu, na kromiamu hiyo imewasitiri wavivu wengi. Niliiombea kibali kwa ajili ya nguruwe pori, ambao wanajua muhogo wangu ulipo kuliko ninavyojua mimi. Sasa, kromiamu iko ndani ya mitutu tu. Nje, na kwenye mtambo wa triga na nyundo, na kwenye skrubu na springi, ni chuma kile kile kinacholika.

Huo weusi unaouona nje ya mtutu watu wengi hudhani ni rangi inayozuia kutu. Si rangi. Ni tabaka jembamba la oksidi ya chuma, jamaa wa karibu wa kutu yenyewe. Mafundi wa zamani waliupata kwa kuacha mtutu uote kutu kwa makusudi, kisha wakauchemsha ndani ya maji mpaka ile kutu nyekundu ikageuka nyeusi, wakaisugua kwa brashi, wakarudia tena na tena. Tabaka hilo lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na likiwa kavu halizuii maji kwa kiasi cha maana. Faida yake kubwa ni kushika mafuta. Kwa hiyo mtu anayefuta bunduki kwa petroli mpaka ing'ae, akaridhika, akairudisha kabatini, ameiacha uchi.

Na hewa yetu haimwoni haya aliye uchi. Unyevu wa alfajiri kipindi cha masika hauhitaji maelezo; nguo hazikauki, mlango wa mbao unavimba, chumvi ya mezani inashikana kwenye kopo. Hiyo chumvi ya kwenye kopo ndiyo somo lenyewe. Chumvi huvuta maji kutoka hewani hata siku ambayo wewe unaona hewa kavu, na kwenye chuma haiishii kuvuta maji tu. Kloridi iliyomo huvunja kile kinga chembamba cha juu na kuchimba vishimo. Upepo wa baharini unaileta. Jasho la kiganja linaileta pia, ndiyo maana kutu ya kwanza kwenye shotigani hutokea pale mkono unaposhika wakati wa kubeba: chini ya mtambo, na ubavuni mwa mitutu mbele kidogo ya chemba. Nimewahi kuona bunduki yenye alama ya vidole vinne vya kahawia. Ungeweza kumjua mwenyewe kwa ukubwa wa mkono.

Hapo ndipo kosa linapoanza. Mtu anarudi shambani, bunduki ina jasho na ukungu wa chumvi, anachukua kopo la mafuta na kuipaka vizuri kabisa. Mafuta hayayeyushi chumvi. Kuipaka mafuta juu ya chumvi ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba na kuzunguka na ufunguo mfukoni. Chumvi inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo kitambaa cha kwanza kupita juu ya chuma kiwe na maji baridi safi, kimekamuliwa sana. Cha pili kiwe kikavu. Ndipo kije cha mafuta. Ukimwambia mwenye bunduki apitishe maji kwenye chuma atakutazama kama umemtukania mama. Lakini ni maji ya sekunde chache, ambayo unayakausha mwenyewe, na yanaondoka na kitu ambacho kingebaki pale na kuvuta maji mwezi mzima.

Aliyenionyesha hili kwa vitendo hana hata shotigani. Ni jirani yangu, rika la baba yangu, mwenye gobole la kurithi. Pangani ilikuwa bandari ya misafara karne ya 19, pembe zikishuka na bunduki zikipanda bara, kwa hiyo magobole hayakuwa haba kwenye koo za huku. Nilimkuta uani na birika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri. Shika hapa, tumia tambara, utaungua."

Nikashika. Akamimina maji ya moto mdomoni mwa mtutu, yakatokea chini meusi tititi, yakinuka mayai viza.

"Mafuta huweki, mzee?"

"Nitaweka. Lakini nikiweka sasa napata lami, si mafuta. Kwanza maji yatoke meupe."

Alirudia mpaka yakatoka meupe. Akausimamisha mtutu juani, nao kwa kuwa ulikuwa wa moto ulijikausha wenyewe ndani ya muda mfupi. Ukiwa bado na uvuguvugu, akapitisha pamba yenye mafuta.

Kila hatua yake ina sababu. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa vitu yabisi, vingine vikipaa na moshi na vingine vikiganda ndani ya mtutu. Vingi ni chumvi za potasiamu, na zinavuta maji kwa pupa. Hakuna mafuta ya gari wala ya cherehani yatakayoziyeyusha; ukichanganya masizi hayo na mafuta ya madini, yaani yatokanayo na mafuta ghafi, unapata kitu kizito cheusi kinachonata, hiyo lami ya mzee. Maji yanazichukua zote. Moto wa maji unafanya kazi ya pili, kuukausha mtutu kutoka ndani kabla kutu haijapata nafasi. Wenye magobole wa zamani walipaka shahamu au mafuta ya mimea, na kwa baruti nyeusi walikuwa sahihi kuliko sisi na oili zetu za madukani.

(Shahamu nayo ina historia yake. Mwaka 1857 askari wa Kihindi katika jeshi la Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki walikataa katriji mpya za bunduki ya Enfield kwa sababu ilisemekana grisi yake ina mafuta ya ng'ombe na nguruwe, na katriji ilipaswa kung'atwa kwa meno. Uasi uliofuata ulikuwa na sababu nyingi, lakini cheche ilikuwa hiyo. Anayeona mafuta ya bunduki ni jambo dogo na akumbuke hilo.)

Shotigani ya leo haina shida ya gobole. Baruti isiyo na moshi, iliyoanza na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, haiachi chumvi ya namna ile. Kilichoendelea kuleta balaa kwa miaka mingi baadaye ni fataki, kile kidude cha nyuma ya risasi kinachogongwa na kuwasha baruti. Za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, binamu wa chumvi ya mezani, na watu wakashangaa bunduki iliyosafishwa kwa mafuta jioni inaamka na kutu. Risasi za viwanda vya sasa zimeachana na fataki hizo. Ukirithi bunduki pamoja na boksi la risasi za enzi za babu, bunduki fuata taratibu za kuihamisha, boksi lipeleke polisi.

Uchafu wa sasa ni wa aina nyingine: masizi, utando wa madini ya risasi kutoka kwenye marisau, zile chembe za mviringo zinazoruka kwa pamoja, na plastiki. Plastiki hii inatoka kwenye kile kikombe kinachobeba marisau ndani ya ganda la risasi. Kinapita mtutuni kwa joto na kasi na kuacha utando, hasa mbele tu ya chemba na kule mdomoni panapobana. Utando wenyewe hauli chuma. Unyevu unaojificha chini yake ndio unaokula. Mafuta hayatoi plastiki, hata ukiyaacha usiku kucha. Inatoka kwa brashi ya shaba nyeusi ya kipimo cha kaliba 12, kwenye ufito, ukisukuma kutoka upande wa chemba, na mafuta ya taa kidogo ya kulainisha. Wanaopenda vitu vya dukani watanunua Hoppe's No. 9, dawa ya Kimarekani iliyoanza kuuzwa mwaka 1903, na harufu yake kweli ina wapenzi wake. Mimi naona kwa shotigani ni anasa. Nguvu moja ya dawa kama hizo ni kutoa mabaki ya shaba, na shaba ni shida ya bunduki za risasi moja zenye koti la shaba. Marisau hayana koti.

Mafuta ya taa yanasafisha vizuri na ni rahisi kupata. Nayapenda. Shida ni watu kuyachukua kama kinga. Yanakauka, na yakikauka yanaacha chuma bila kitu. Yawe ya kuoshea, kisha yafutwe, na kitu kingine kifuate. Petroli usiitumie kabisa. Inawaka kwa mvuke wake kabla hujaisogelea na kiberiti, na ndani ya nyumba yenye jiko la mkaa huo ni msiba unaotafutwa.

Sasa kuteleza. Kwenye shotigani ya kuvunja, yaani ile inayofunguka kwa bawaba, ipo sehemu moja inayodai kilainishi kwa haki, nayo ni bawaba yenyewe. Pini ya bawaba na ule mkunjo wa mitutu unaoikumbatia hubanwa na uzito wa mitutu kila unapofungua, na mara nyingi unaziminya springi za nyundo kwa wakati huo huo. Chuma juu ya chuma, mbano mkubwa, mwendo wa taratibu. Mafuta mepesi yanasukumwa nje hapo. Chuma kikikutana kavu na kingine kwa mbano wa namna hiyo kinachanana na kung'ang'aniana, na bunduki inaanza kulegea. Hapo inatakiwa grisi, na haihitaji jina la kigeni: grisi ya lithiamu namba 2 ya beringi, ile ya duka la spea, inatosha kwa bunduki ya shamba. Yenye moli (molibdenamu), ile nyeusi, ni bora zaidi ila inachafua nguo kama laana. Kiasi ni punje ya mchele kwenye pini, nyingine kwenye sehemu za kufungia, na kidogo sana kwenye chuma cha ubao wa mbele kinaposugua mtambo.

Lakini futa ya zamani kwanza. Vumbi la shamba likiingia kwenye grisi linakuwa dawa ya kusagia. Nimewaona watu wakiongeza grisi juu ya grisi mwaka baada ya mwaka, wakidhani wanaitunza bunduki, kumbe wanaipiga msasa kila wanapoifungua.

Mtambo wa ndani, penye triga na nyundo na springi, unataka karibu na hakuna. Tone moja la mafuta mepesi kwenye kila sehemu ya kuzunguka, na kama hujui kufungua mtambo, usifungue. Mpelekee fundi mwenye leseni baada ya misimu kadhaa. Kuna mchezo mbaya wa kumimina mafuta kupitia tundu la triga mpaka yatokee juu. Yanakwenda wapi hayo? Nusu yanakusanya vumbi na masizi na kugeuka gundi. Nusu nyingine yanashuka kwenye kitako.

Hili la kitako linastahili kelele zaidi kuliko linavyopata. Mbao pale zinapokutana na mtambo zimekatwa kwa kupinga nyuzi, mirija iko wazi, zinanyonya mafuta taratibu. Miaka ikipita sehemu hiyo inakuwa nyeusi, kisha laini. Ukibonyeza kwa kucha inabonyea. Na hapo hapo ndipo teke lote la bunduki linapopokelewa. Mbao laini haipokei, inapasuka. Fundi mmoja wa Tanga aliwahi kuniwekea mezani vitako vya shotigani vilivyopasuka, vya watu mbalimbali, akaniuliza, "Kaka, unaona nini hapa?" Vyote vilikuwa vyeusi kichwani. "Hakuna hata kimoja kilichoanguka," akasema. "Vyote vimelewa mafuta." Dawa yake ni kazi ya siku nyingi: kufungua kitako, kupaka unga wa chaki penye weusi, kukipasha moto wa wastani ili mafuta yapande na kunyonywa na chaki, kukwangua, kurudia. Wakati mwingine mbao imeshaoza na hairudi.

Mafundi wa bunduki wa London waliliona hilo zamani, na ushauri wao haugharimu shilingi: bunduki iliyopakwa mafuta isimamishwe mdomo chini, juu ya tambara, angalau usiku wa kwanza. Mafuta yaliyozidi ndani ya mtutu yatashuka mdomoni badala ya kuteremka kwenye mtambo na mbao. Sijui kwa nini jambo rahisi hivi halikusambaa huku. Makabati yetu yote yanasimamisha bunduki kitako chini.

Nikirudi kwenye zile chupa za mwanzo.

Mafuta ya cherehani ni mazuri kwa mtambo. Ni mepesi, safi, hayana rangi, hayagandi. Udhaifu wake ni kwamba hayakutengenezwa kupambana na kutu, kwa hiyo nje ya mtutu wakati wa masika yanakuacha njiani. Oili mpya ya injini ina viungo vya kuzuia kutu na ni kinga nzuri kuliko watu wanavyodhani, ikiwa imepakwa na kufutwa ikabaki utando tu. Kwa triga ni nzito. Yale mekundu ya gia boksi ya otomatiki ni mepesi zaidi na yanafaa pote pawili, chuma cha nje na mtambo. Kwa mtu aliyeko mbali na mji mwenye duka moja tu la spea, hayo mekundu na kopo dogo la grisi vinamtosha.

Oili chafu, hapana. Injini imeshaitumia. Ndani yake kuna asidi zinazotokana na kuungua kwa mafuta, kuna maji, kuna masizi na vumbi la chuma. Unapaka ulichokuwa unakikimbia. Mafuta ya breki ni mabaya zaidi, kwa kuwa yale ya kawaida si mafuta kwa maana yetu. Ni kemikali za jamii ya glaikoli, zinapenda maji kiasi cha kuyavuta hewani, na zinabandua vanishi ya kitako kama inavyobanduka rangi ya gari. Yule bwana niliyemwona akiyatumia alikuwa na fahari nayo kwa sababu yalimtolea uchafu wote. Yalimtolea na vanishi.

Mafuta ya kupikia kama alizeti yanakauka polepole yakikutana na hewa na kuwa ute wa njano, kisha gundi. Ukiona triga imekuwa nzito bila sababu, uliza nani alipaka nini. Mafuta ya nazi hayagandi kwa namna hiyo haraka, na ninaelewa kwa nini bibi na babu waliyaamini. Lakini chini ya nyuzi joto 24 hivi yanashikana. Atakayepanda nayo Lushoto mwezi Julai ataikuta bunduki ina mafuta magumu kwenye mtambo. Pia yakikaa na unyevu yanachacha, na mafuta yaliyochacha yana asidi. Kwenye gobole linalooshwa kila mara, sawa. Kwenye shotigani inayokaa kabatini, hapana.

Vaselini nitaitetea. Ni zao la mafuta ghafi, haichachi, haina maji, na kama kinga ya bunduki inayokwenda kulala miezi kadhaa ni nzuri. Paka nyembamba nje ya mtutu na usiipeleke shambani hivyo, maana juani inalainika na kukusanya kila vumbi la njia.

WD-40 ina wafuasi ambao ukiigusa wanapandwa na mori. Ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji kwenye chuma, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Bunduki imenyeshewa na mvua ya vuli, ipulizie, iache kidogo, futa. Baada ya hapo weka mafuta ya kweli, kwa sababu sehemu kubwa ya kilichomo kwenye kopo lile ni kiyeyushi kinachoruka na kuacha utando hafifu. Anayeitumia kama kinga pekee pwani ataona majibu.

Ukipata Ballistol kwa muuza silaha mwenye leseni, na bei isikutie kiwewe, nunua. Ni ya Kijerumani, ya mwanzoni mwa karne ya 20, jeshi la huko likitaka mafuta mamoja kwa chuma, mbao na ngozi. Uzuri wake kwetu ni mambo mawili: ina tabia ya alikali kidogo, inayotuliza asidi ya jasho, na inachanganyika na maji ikawa nyeupe mithili ya maziwa. Kwa hiyo unaweza kuichanganya na maji, ukafuta chumvi, maji yakakauka na utando wa mafuta ukabaki. Hatua mbili zinakuwa moja. Jirani yangu mwenye gobole nilimpa kichupa. Alinusa, akasema asante, na sijaona akiacha birika lake.

Mbao zina mafuta yao na hayo hayahusiani na ya chuma. Kitako kisichokuwa na vanishi nzito kinapenda mafuta ya kitani yaliyochemshwa, ambayo hukauka kwa kukutana na hewa na kuwa ngozi ngumu. Matone machache kiganjani, sugua mpaka mbao ipate joto, futa yote yaliyobaki juu, subiri siku, rudia. Mafuta ya madini hayakauki kamwe kwenye mbao. Hayo ndiyo yanayolewesha. Tahadhari moja ambayo si ya kitabuni tu: tambara lililolowa mafuta ya kitani linapokauka linatoa joto, na likifinyangwa likatupwa kwenye kikapu linaweza kujiwasha lenyewe. Litandaze nje mpaka likauke, au lilowekwe kwenye ndoo ya maji.

Halafu kuna siku ya kwenda shambani, ambayo watu huisahau kabisa katika mazungumzo ya mafuta. Ulichokiweka kulinda kinapaswa kutoka. Kitambaa kikavu kipite kwenye mitutu yote miwili na chemba, na utazame mwangani kuhakikisha hakuna tambara lililosahaulika ndani wala nyumba ya mdudu. Nyigu wa udongo wanapenda tundu la ukubwa huo. Chemba iwe kavu kwa sababu ganda linapovimba wakati wa mlipuko linatakiwa kushika kuta za chemba. Likiteleza kwenye mafuta, nguvu inayorudi kwenye mtambo inaongezeka. Na hii ndiyo ile sababu ya pili ya risasi kukaa chumba kingine: mafuta mepesi yanapenya pembeni mwa fataki na kuiua. Ukivuta triga unasikia mlio mkavu tu, na nguruwe naye anausikia.

Kuhusu kabati, kama nyumba yako ni ya mawe ya matumbawe na chokaa kama nyingi za Pangani ya kale, liondoe kwenye ukuta wa nje. Kuta hizo zinapandisha maji na chumvi kutoka chini na zinapumua usiku. Ala ya ngozi ni ya safari. Usiiache bunduki imelala humo, kwa kuwa ngozi inashika unyevu na ina chumvi za kutengenezea. Vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vinasaidia, ila vikishashiba ni changarawe tu mpaka uvikaushe kwenye joto tena.

Kipindi cha masika naitoa bunduki kila wiki, hata kama haikutoka nje, na ninapitisha kitambaa cheupe ndani ya kila mtutu. Kikitoka na weusi ni masizi niliyoyaacha, kazi ya brashi. Kijivu chenye mng'ao ni madini ya risasi. Vipande vyembamba vya rangi ya plastiki havihitaji kuelezwa. Kikitoka na kahawia, kutu imeanza mahali, na hapo siongezi mafuta juu yake. Narudi kwenye brashi na mafuta ya taa, nakausha, natazama kwa tochi ilipo, na kama kuna vishimo karibu na chemba bunduki haipigwi tena mpaka fundi aione. Kikitoka cheupe, kitambaa chenye mafuta kinapita mara moja, kikavu kinapita nyuma yake, na inasimama mdomo chini.